Jirani anayenichukia ameumia, na mimi ndiye ninayetakiwa kumpelekea pole

Shikamoo, Mama Mshauri.

Mimi ni mama wa watoto watatu na fundi wa kushona nguo hapa Ngarenaro, Arusha. Wazazi wangu walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, wakapokelewa katika makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, na huko ndiko nilikozaliwa, nikasoma, nikalima tumbaku na mahindi pamoja na ndugu zangu mpaka nilipoolewa na kuja huku kwa mume wangu, ambaye ni Mmeru. Mwaka 2014, Serikali ilipowapa uraia wakimbizi wa 1972 pamoja na watoto wao, nami nilipata cheti changu. Sijawahi kuificha asili yangu, ila sikuwahi kuitangaza mtaani, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mweka hazina wa kikoba chetu cha akina mama. Jirani yangu mmoja, mwenye genge la nafaka karibu na kibanda changu cha cherehani, ni mwanakikundi mwenzangu, na tulikuwa tukisalimiana na kukopeshana chenji bila tatizo lolote. Mwaka jana alinikuta nikizungumza na mama yangu kwa simu. Jirani huyu ni Muha wa Kibondo, na kwa kuwa Kiha na Kirundi zinasikilizana karibu neno kwa neno, alitambua papo hapo mimi ni mtu wa wapi. Tangu siku hiyo hajaniita tena kwa jina langu wala kwa jina la mwanangu, ananiita "mkimbizi". Amewaambia wanakikundi kwamba Warundi hawana uaminifu na kwamba siku moja nitavuka mpaka na fedha zao. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata, bila kunieleza sababu.

Hayo ningeyavumilia. Lakini mwanangu wa darasa la tano alirudi nyumbani shati lake likiwa limechanwa, kwa sababu mjukuu wa jirani huyo na wenzake walikuwa wakimwimbia wimbo wa kumwambia arudi kwao. Usiku aliniuliza, "Mama, sisi ni wakimbizi? Tutarudishwa lini?" Nilishindwa kumjibu.

Mama mmoja wa kikundi, mtu wa Kigoma naye, alinisimulia kwamba kaka wa jirani yangu, aliyemlipia ada ya shule mpaka akamaliza, aliuawa na majambazi waliolisimamisha basi porini katika barabara ya Kibondo, kipindi ambacho kila ujambazi wa kule ulihesabiwa kuwa ni wa wakimbizi. Nilimhurumia kwa siku moja, kisha nikakumbuka shati la mwanangu.

Majuzi jirani huyo aligongwa na bodaboda akavunjika mguu. Sasa yuko nyumbani, amefungwa hogo, na genge limefungwa. Nakuambia ukweli, Mama, niliposikia habari hiyo nilifurahi, na furaha hiyo imenitisha kuliko maneno yake yote. Kwa utaratibu wetu, mwanakikundi akiugua hupewa fedha za mfuko wa jamii, na mweka hazina ndiye anayezipeleka akiwa na wajumbe wawili. Mume wangu amenikataza kwenda. Anataka tumshitaki polisi kwa matusi, halafu tuhamie Babati. Mchungaji ameniambia nisamehe saba mara sabini. Marafiki wananishauri niwape wengine hizo fedha wazipeleke, kisha niachie uweka hazina ili yaishe. Fedha zinapaswa kufika kabla ya mkutano wa Jumamosi ya wiki ijayo. Niende? Niachie nafasi yangu? Na mwanangu nimwambie nini?

Fundi wa Ngarenaro, Arusha

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na mtoto, kwa sababu katika habari hii yote yeye ndiye mwenye nguvu kidogo kuliko wote, na swali lake limelala bila jibu kwa muda mrefu mno. Nenda shuleni mapema wiki hii, wewe na mumeo pamoja, mkaonane na mwalimu wa darasa, na msipopata msikilizaji hapo muende kwa mwalimu mkuu. Elezeni lililotokea, shati mkiwa nalo mkononi, na mtake mambo mawili tu: kwamba wimbo huo ukome, na kwamba mwalimu azungumze na darasa zima. Msiombe watoto wale wachapwe. Mjukuu wa jirani yako ameyabeba maneno ambayo hakuyatunga, na akichapwa kwa ajili yake atajifunza kwamba mwanao ndiye chanzo cha maumivu yake, jambo ambalo ni mbegu ya chuki nyingine itakayomsubiri mwanao mbele ya safari.

Kisha umjibu mtoto swali lake, na umjibu ukweli wote. Mwambie kwamba babu na bibi yake walikuwa wakimbizi, kwamba mkimbizi ni mtu aliyekataa kuuawa akachukua watoto wake akaondoka, na kwamba hakuna aibu yoyote katika hilo. Mwambie kwamba mama yake ni raia, baba yake ni raia, yeye mwenyewe ni raia, na hakuna atakayemrudisha popote. Mwonyeshe cheti chako; watoto wa umri wake huamini karatasi yenye muhuri. Mwambie pia kwamba mji huu anaoambiwa aondoke ndio ambamo Warundi waliokuwa wakipigana walikuja kuketi meza moja, Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi wao mpaka alipofariki dunia Oktoba 1999, na baada yake Nelson Mandela, na kwamba makubaliano yao ya amani yalisainiwa hapa hapa Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Kaloleni si mbali na kwenu. Siku ya mapumziko mpeleke kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha, umweleze kwamba Azimio lile la mwaka 1967 linaanza kwa kutaja imani kwamba binadamu wote ni sawa na kwamba kila mtu anastahili heshima. Mpigieni bibi yake simu, amsimulie mwenyewe safari ya 1972 kwa kiasi ambacho mtoto anaweza kukibeba. Mtoto anayejua habari za kwao hujua la kujibu, na hata asipojibu, tusi halimkuti akiwa mtupu.

Sasa jirani yako.

Furaha uliyoisikia ulipopata habari za ajali isikufanye ujione mtu mbaya. Mtu aliyekanyagwa kwa mwaka mzima akisikia kwamba anayemkanyaga ameanguka, moyo hupumua kabla akili haijasema neno. Hukumtakia ajali, hukumcheka, hukwenda kusimulia gengeni. Ulijitazama ukaogopa, na woga huo unanionyesha kwamba chuki yake haijafanikiwa kukufanya ufanane nayo. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba uende. Nitakueleza kwa nini, na nitakueleza pia namna ya kwenda, kwa sababu huruma inayotolewa vibaya inaweza kukuumiza wewe na ikamuumiza na yeye.

Uchungu wa jirani yako una historia ambayo wengi wetu huku Kaskazini tuliisikia kwa mbali tu. Rais Ndadaye wa Burundi alipouawa Oktoba 1993, Warundi kwa mamia ya maelfu walikimbia nchi yao, na wengi waliingia Kigoma na Kagera. Miezi michache baadaye, mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka pale Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa takribani siku moja. Wenyeji waligawana nao kuni, visima na mashamba, jambo ambalo taifa hili halijawashukuru vya kutosha. Lakini pamoja na akina mama na watoto waliokuwa wakikimbia, zilivuka pia bunduki, na ujambazi wa mabasi ukawa jambo la kawaida kiasi kwamba magari yalisafiri kwa misafara yakisindikizwa na askari wenye silaha. Katika hali ile waliokufa walikuwa watu wa kweli, wenye wadogo zao waliokuwa wakisubiri ada. Jirani yako ni mmoja wa wadogo hao. Aliyemuua kaka yake huenda hakuwahi kushitakiwa, na mtu aliyenyimwa mkosaji wa kumnyooshea kidole anaweza kumnyooshea kidole yeyote atakayefanana naye, hata kwa lafudhi ya simu.

Ninakueleza haya ili umwone vizuri. Sisemi uyakubali anayokutendea. Wazazi wako waliingia nchini zaidi ya miaka 20 kabla ya mambo hayo, na kaka yake alipouawa wewe ulikuwa Tabora ukivuna tumbaku. Muuaji yule ana jina lake, hata kama halijulikani, na jina hilo si lako wala la mama yako. Unaweza kumwonea uchungu mwanamke huyu kwa moyo wako wote na wakati huo huo ukakataa kubeba hata punje moja ya hatia hiyo. Watu wengi wema hushindwa hapa. Hudhani kwamba wakimhurumia anayewachukia wanapaswa pia kumnyamazia, au kwamba wakijitetea wamekosa huruma. Mimi naamini kinyume chake: kumwacha mtu aendelee kudhulumu ni kumwacha azidi kuzama, na anayemzuia kwa utulivu anamtendea wema, hata kama yeye hatausikia utamu wake mwaka huu.

Kwa hiyo nenda, ukiwa na wajumbe wawili kama utaratibu wenu unavyotaka, na ikiwezekana mmoja awe yule mama wa Kigoma aliyekusimulia habari za kaka. Fedha zihesabiwe mbele ya wote, jirani yako aweke sahihi kwenye daftari, na wajumbe nao waweke. Kama huwa unampelekea mgonjwa sukari au unga, mpelekee sukari au unga, kiasi kile kile unachompelekea mwanakikundi mwingine yeyote. Usizidishe. Zawadi kubwa ingemfanya ajihisi amenunuliwa akiwa kitandani, asiweze hata kuinuka kukurudishia, na mtaani ingesomwa kama hongo. Salimia, mpe pole, uliza mguu unaendeleaje na nani anamsaidia kupika. Usikae sana. Usilete habari ya matusi, ya wateja wala ya mtoto. Mgonjwa aliyefungwa hogo hana pa kukimbilia, na mazungumzo mazito yanahitaji watu wawili wenye uhuru sawa wa kusimama na kuondoka.

Akikutukana, mwambie, "Nimekuja kukuona, ugua pole," kisha ondoka bila kuongeza neno. Akilia au akiomba radhi, pokea, na usimlazimishe kusema zaidi ya aliyoyasema. Akinyamaza, ambalo ndilo ninalolitarajia, nyamaza naye. Na kama siku hiyo au siku nyingine moyo wako utakuruhusu, mpe pole ya kaka yake. Sema tu kwamba umesikia habari zake na kwamba unampa pole sana. Usiongeze kwamba wewe hukuhusika, wala kwamba si Warundi wote walio hivyo, kwa sababu pole inayofuatiwa na utetezi hugeuka kuwa kesi. Huenda hakuna mtu mwenye asili ya Burundi aliyewahi kumpa pole ile tangu siku ya mazishi. Sikuahidi kwamba itambadilisha. Wapo watu wanaotembelewa, wakapikiwa, wakauguzwa, na wakapona wakiwa na chuki yao ile ile. Ukienda ukitegemea abadilike, utarudi na jeraha jipya. Nenda kwa sababu hivyo ndivyo unavyowatendea wagonjwa wa kikundi chako, na yeye asiwe na uwezo wa kukufanya uache.

Mchungaji wako amesema vyema, ila msamaha hauna tarehe ya mkutano kama kikoba. Kumtembelea mgonjwa unaweza kabla hujamsamehe, na kumwamini tena ni jambo la tatu, ambalo hudaiwi kabisa kwa sasa.

Mumeo msikilize kwa makini kabla hujamwambia ushauri wangu. Hasira yake ni ya baba aliyeona shati la mwanawe limechanwa, na asipoona kwamba kuna mtu anamlinda mtoto, atauona wema wako kwa jirani kama usaliti kwa nyumba yake. Ndiyo maana nimetaka shuleni muende pamoja, na muende kabla ya kwenda kwa mgonjwa. Kuhusu polisi, sheria ipo: Katiba yetu katika Ibara ya 13 inakataza ubaguzi kwa misingi ya utaifa, kabila au mahali mtu anapotokea, na Kanuni ya Adhabu inazuia lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani. Ikiwa jirani yako au mtu mwingine atatishia kuwadhuru, au atagusa mali yenu, msingoje ushauri wa mtu wa gazetini. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi siku hiyo hiyo. Kwa maneno yaliyosemwa mpaka sasa, mimi ningeanza na kikundi. Babati ni mji mzuri, na mkitaka kuhamia huko kwa ajili ya kazi muende kwa amani, lakini kuhama kwa sababu ya neno "mkimbizi" kungemfanya mwanao aamini kwamba wimbo ule ulikuwa wa kweli.

Linabaki suala la uweka hazina, na hapa ninakuomba usilegee. Sanduku la kikoba, kama lenu linafuata utaratibu wa kawaida, lina kufuli tatu na funguo zake zinashikwa na wanachama watatu tofauti, kusudi mtu mmoja asiweze kulifungua peke yake. Kila mwanakikundi wenu anajua kwamba huwezi kukimbia na fedha hizo hata ungetaka, na bado waliposikia kwamba utavuka nazo mpaka, walikaa kimya. Ukimya huo unanisumbua kuliko maneno ya jirani yako, maana yeye ana kidonda na wao hawana. Sisi wa Arusha tulikaa miaka mingi na Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyofanya kazi mjini hapa mpaka 2015. Mwaka 2003 mahakama hiyo iliwatia hatiani watu watatu waliohusika na redio RTLM na gazeti la Kangura kwa makosa yaliyotokana na maneno yao ya uchochezi. Simlinganishi muuza nafaka wa Ngarenaro na watu wale, na wewe usimlinganishe. Ninalotaka kulisema ni kwamba maneno ya kumtoa mtu katika idadi ya watu wanaoaminika hupata nguvu kwa wasikilizaji wanaoyaacha yapite, na wasikilizaji hao mara nyingi ni watu wapole, wanaosali, wasiopenda ugomvi.

Kabla ya Jumamosi, mwone mwenyekiti wa kikundi na katibu, uwaombe agenda ya taarifa ya fedha iwekwe mwanzoni mwa mkutano. Hesabu zote zisomwe kwa sauti: hisa, mikopo iliyo nje, marejesho, mfuko wa jamii pamoja na hizo fedha zilizopelekwa kwa jirani yako, na fedha zilizomo sandukuni zihesabiwe mbele ya wote washika funguo wote wakiwapo. Ikionekana kuna haja, mwalikeni afisa maendeleo ya jamii wa kata awe shahidi, kwa kuwa vikundi kama chenu vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na kumwita si kuleta vita. Hesabu zikisomwa na kukubaliwa, simama useme kwa sauti ya kawaida kwamba umesikia ukitiliwa shaka kwa sababu ya mahali walikotoka wazazi wako, kwamba kama kuna mwenye shaka juu ya fedha aiseme sasa daftari likiwa wazi, na kwamba unaomba kikundi kitamke kwamba asili ya mtu haitakuwa tena hoja katika mkutano wenu. Usimtaje jirani yako kwa jina, kwa kuwa atakuwa kitandani na hawezi kujibu. Waliopo watamjua, naye atapelekewa habari kabla ya jioni, na itamfikia kwamba hukumvunjia heshima akiwa hayupo.

Omba jambo hilo liandikwe kwenye muhtasari. Baada ya hapo, ukiona umechoka na kazi ya kushika fedha za watu, una haki ya kuiacha, lakini iache kwenye uchaguzi wenu wa kawaida, mwaka ukishafungwa na kila mtu akiwa amepokea mgawo wake.